Ufunguo wa Jeep ya Patrice

ALOYS: Haloo? Haloo… nani iko anaongea?

ISIDORE: Tonton Aloys? Ni miye, Isidore.

ALOYS: Isidore gani? Huku garage banagonga tôle, sisikie muzuri. Ee, muache kwanza kugonga. Niko ku simu. (kelele zinapungua) Sema.

ISIDORE: Isidore wa maman Agnès. Mudogo wa Patrice.

(réseau inakwaruza)

ALOYS: Aah. Mudogo wa Patrice. Yambo, mutoto wangu. Siku mingi.

ISIDORE: Siku mingi, tonton. Nakupigia na simu ya kuazima, na habari si muzuri. Niko mu barabara, juu kidogo ya Bunyakiri. Nilimupeleka maman kuona batu bake kule, sasa ugonjwa umemushikia huku. Iko mu jeep, amelala nyuma.

ALOYS: Jeep gani?

ISIDORE: Ile ile. Yenye ulitutengenezeaka kisha ya… kisha ya kaka.

ALOYS: Ile ingali inatembea?

ISIDORE: Inatembea. Tonton, hernie ya maman, ile ngiri yake, imejifunga. Tangu jana anatapika, tumbo imekuwa nguvu kama ubao. Docteur wa hapa anasema bamupasue leo, akingojea kesho itakuwa bure. Na yeye hana bintu bya kumupasulia. Amesema nikimbie naye Bukavu.

ALOYS: Basi kimbia. Unanipigia juu ya nini?

ISIDORE: Mazout ya jeep. Nimebaki na litre dix, kumi tu, labda onze. Bakadhafi bote ba hapa, benye kuuzisha mazout ku barabara, nimebauliza, bidon zao zimekauka. Bananiambia mazout itapanda kesho.

ALOYS: Litre dix, kutoka Bunyakiri mpaka Bukavu. Na ile jeep vile inakunywaka. Ile jeep iko sawa muzee mulevi, ukimukimbiza anakuomba chupa ingine.

ISIDORE: Njo maana nakupigia. Hakuna mwenye kuijua kama weye. Unielekeze nifanye nini ifike. Na uniambie mbio, unités za simu nimetia kidogo, na barrière ya mbele banafunga dix-huit heures, saa kumi na mbili ya magaribi.

ALOYS: Sawa. Uko mu quatre-quatre, magurudumu yote ine inavuta?

ISIDORE: Tangu asubuyi. Kulikuwa matope—

ALOYS: Hapo uliposimama kuko matope?

ISIDORE: Hapa kumekauka.

ALOYS: Itoshe mu quatre-quatre. Kisha ushuke ku magurudumu ya mbele, pale kati-kati kuko kifuniko cha kuzungusha, uzungushe yote mbili, mbele ijitembeleze yenyewe. Ukiacha imefungwa, moteur inavuta chuma yenye haina kazi. Moteur inawaka sasa?

ISIDORE: Inawaka. Naogopa nikizima, démarreur isi—

ALOYS: Zima. Umetembea tangu asubuyi, betri imejaa. Itashika. Kusimama moteur inawaka ni kumwanga mazout chini. Juu ya paa, ku porte-bagages, umepakia nini?

ISIDORE: Makala ya kupikia. Mifuko sita. Na mikungu ya ndizi ya batu ba maman.

ALOYS: Shusha yote.

ISIDORE: Tonton, ile makala si yangu, ni ya batu. Balinipa nibapelekee—

ALOYS: Kutoka pale uko na mupando mpaka juu mu parc, mule mu pori ya banyama. Unataka kupandisha maman ao makala?

ISIDORE: …Christophe, kijana mwenye kunisaidia ku jeep, iko hapa. Namuambia ashushe. (sauti mbali: «Shusha yote, ubaki nayo. Yote, ndiyo.») Anashusha.

ALOYS: Na upepo ku pneu?

ISIDORE: Niliupunguza juu ya matope.

ALOYS: Eeh, nilijua. Pneu yenye kulegea inavuta jeep nyuma kama mutu amekushika shati. Pompe ya muguu unayo?

ISIDORE: Ninayo.

ALOYS: Christophe akimaliza makala, apige pompe mpaka pneu ikatae kidole. Filtre à air ufungue, uigonge ku jiwe, vumbi itoke. Kisha uguse jante, ile chuma ya gurudumu, moja moja, uniambie yenye iko moto.

ISIDORE: Ngoja. (miguu ku changarawe, mwanamuke anakohoa) Hii hapana… hii hapana… Aï. Ya nyuma, mukono wa kuume. Inachoma.

ALOYS: Frein, breki, inashikilia pale. Umetembea saa ngapi hivyo? Hapo njo mazout yako ilikwenda. Legeza kamba ya frein à main, ile boulon ya chini, mizunguko mbili. Ukisimama fasi ya mupando, tia jiwe ku gurudumu.

ISIDORE: Nimeshika. Nitafanya.

ALOYS: Kisha muguu wako. Usikanyage kwa hasira. Mu mupando, tia gia, vitesse ya pili, uache ipande polepole, hata bakikupita na pikipiki, bakupite. Ukifanya hivyo unaweza kufika. Sikuahidi, lakini unaweza.

ISIDORE: Aksanti, tonton. Na mu mitelemuko najua mwenyewe. Hapo njo nitaokoa.

ALOYS: Unajua nini?

ISIDORE: Kutoka juu mu parc, mpaka kushuka ku kijiji ya Miti. Nakata contact, moteur inazima, natia point mort, bila vitesse yoyote, inashuka yenyewe bure. Ufundi ya Patrice.

(kimya)

ISIDORE: Tonton? Haloo?

ALOYS: Niko.

ISIDORE: Nilifikiri réseau imekwenda. Patrice alikuwa anaringa nayo sana. Alikuwa anasema, tonton Aloys njo alinifundisha, nashuka parc yote na moteur inalala—

ALOYS: Usikate contact.

ISIDORE: Kuko litre mbili hapo, tonton. Labda tatu.

ALOYS: Hakuna hata moja. Moteur ya mazout, ukiwa mu vitesse na umeondoa muguu, haikunywi kitu. Gurudumu njo inaizungusha. Unaokoa bure ya bure.

ISIDORE: Lakini bachauffeur bote banafanyaka hivyo. Bote.

ALOYS: Najua. Nusu yabo ni miye nilibafundisha.

ISIDORE: Basi sasa?

ALOYS: Sasa nakukataza.

ISIDORE: Tonton, sikia. Nitakuwa juu kule, jauge ya mazout chini kabisa, maman analia nyuma. Ukiniambia tu «usikate», bila sababu, nitakata. Nakuambia kweli.

ALOYS: Ni frein. Frein ya ile jeep inasaidiwa na moteur. Moteur ikilala, unakanyaga mara moja, mara mbili, inashika. Mara ya tatu pedale inakuwa jiwe. Na volant, ule usukani, inakuwa nzito, kona inakuja weye ungali unaivuta.

ISIDORE: Ulijua hiyo tangu siku gani?

(réseau inakwaruza)

ALOYS: Isidore, hii simu maman anaisikia?

ISIDORE: Iko ku haut-parleur, bote hapa banasikia. Écran imepasuka, haikubali kuizima.

ALOYS: Basi jongea kando.

ISIDORE: Nikitoka hapa ku mulango, réseau inakufwa. Nilishajaribu. Tonton, sema. Dakika zinaenda.

ALOYS: Ile siku Patrice alianguka na jeep, balinipigia simu mbele babapigie polisi. Nikafika wa kwanza mule mu bonde. Yeye alikuwa… alishakwisha. Nikatazama mu jeep. Ufunguo ulikuwa umezungushwa nyuma, contact imekatwa. Levier iko point mort.

ISIDORE: Police iliandika vitesse ya tatu. Moteur inawaka. Papa alitusomea ile karatasi.

ALOYS: Ni miye nilirudisha ufunguo mbele. Nikatia vitesse ya tatu. Kisha nikapanda barabarani nikabangojea.

ISIDORE: Juu ya nini?

ALOYS: Juu kila mutu alijua nani alimufundisha. Weye mwenyewe umesema hapa sasa.

ISIDORE: Na ukakuja ku kilio.

ALOYS: Nilikuja.

ISIDORE: Ulikaa siku tatu. Ulikaa karibu na papa. Batu banaulizana, mwanaume muzima, frein muzuri, moteur inawaka, barabara imekauka, namna gani anaenda mu bonde? Banasema alilogwa. Banasema ni ile mboga ya sombe Lydie alimupikia asubuyi. Muke wa Patrice, tonton. Bakamutupia bintu byake inje. Na weye ulikuwa pale na kikombe ku mukono.

ALOYS: Nilikuwa pale.

ISIDORE: Haukusema kitu.

ALOYS: Sikusema kitu.

ISIDORE: Miye njo nilibebaka valise yake mpaka ku barabara. Nikamuambia asikanyage tena kwetu. Alikuwa amemubeba mutoto wabo Ariane mu mugongo. Aliniuliza tu kama naweza kumupa shati moja ya Patrice. Nikamukatalia.

ALOYS: Isidore—

ISIDORE: Papa alikufwa na ile mambo mu roho. Alikufwa anamulaani Lydie, padiri amekaa pale. Hata hatujue iko wapi.

ALOYS: Iko Nyantende. Kwa kaka yake.

ISIDORE: Unajua?

ALOYS: Nilipitaka pale mara mbili. Mara ya pili nilimuona analima, mutoto amekaa ku mupaka wa shamba. Nilisimamisha pikipiki. Kisha nikaendelea.

(mwanamuke anaongea, maneno hayasikike)

ISIDORE: Ngoja. Maman anasema kitu. (anainama nyuma) Anasema useme tena. Ya ufunguo.

ALOYS: Maman Agnès…

ISIDORE: Anasema useme.

ALOYS: Ufunguo ulikuwa nyuma, maman. Contact ilikatwa. Patrice hakulogwa. Lydie hakumufanyia kitu.

(mahali fulani mbuzi analia)

ISIDORE: Amejifunika kitenge ku uso.

ALOYS: Anapumua muzuri?

ISIDORE: Usimuulizie.

ALOYS: Isidore, unités. Sikia kazi kwanza, kisha unitukane. Mu mutelemuko utie vitesse ya pili ku kona, ya tatu fasi imenyooka. Muguu inje ya accélérateur. Ufunguo usiuguse, hata kama jauge imefika wapi. Na miye natoka sasa hivi. Niko na bidon moja hapa ya litre vingt, ishirini. Nitakungojea pale Miti. Ukikaukia mbele ya Miti nitapanda mpaka nikukute.

ISIDORE: (mbali na simu) «Tonton anasema ataleta mazout Miti.» (karibu na simu) Anakataa.

ALOYS: Anakataa nini?

ISIDORE: Anasema usikuje Miti. Anasema uende Nyantende. Umuchukue Lydie na mutoto, ubafikishe ku hôpital kule Bukavu mbele bamupasue.

ALOYS: Muambie Nyantende na Miti haziko barabara moja. Nikienda kule, sitafika kwenu na saa. Na ile litre dix, sikuahidi, nilikuambia sikuahidi. Ikikaukia mu parc—

ISIDORE: Nilimuambia.

ALOYS: Muambie tena. Nitabeba mazout kwanza, kesho nitaenda kwa Lydie. Naapa.

ISIDORE: Anasema kesho ulikuwa nazo mingi. (sauti inakatika-katika) …miaka mbili ya kesho. Anasema asipofika, Lydie amukute hata… amukute tu. Na umuambie weye mwenyewe, ku kinywa chako. Si miye.

ALOYS: Isidore, weye njo chauffeur. Weye unasemaje?

ISIDORE: Miye nilibeba valise, tonton. Sina la kusema. Christophe amemaliza pneu. Simu inalia, unités zina… Twende. Uende Nyantende.

ALOYS: Ngoja. Ile jante ya moto, umelegeza? Boulon ya chini, mizunguko mbili. Na ukifika juu, usi… Haloo? Isidore?

(mulio mufupi, mara tatu)

ALOYS: Haloo? Maman Agnès? …Usiguse ufunguo. Munanisikia? Ufunguo muuache vile uko.