Habari za Shule Zilizopanda Gari la Maziwa

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu wa chama chetu cha maziwa. Na nyinyi wageni wetu mliotoka Masalani, poleni na vumbi, karibuni Habaswein. Kwa ajili yenu leo nitasema Kiswahili, na Kiswahili changu ni cha sokoni. Kikichechemea, msikicheke. Au kichekeni, lakini mnisubiri kwanza nimalize.

Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme nilivyoanguka na nilivyoinuliwa. Jina la mtu sitataja. Anayejijua anywe chai yake kimya.

Kazi yangu mnaijua. Kila asubuhi gari la maziwa linatoka kwenye kambi za ngamia huko porini, linaleta mitungi iliyojaa. Sisi tunauza hapa, mengine yanaendelea mpaka Garissa. Jioni mitungi mitupu inarudi kambini. Na kwa sababu mitungi yote ni ya plastiki na yote ni ya manjano, kila mama anafunga kitambaa chake kwenye mkono wa mtungi ili mali isipotee. Changu ni chekundu chenye maua, kipande cha nguo niliyovaa siku ya harusi yangu. Mzee wangu yuko kule na ngamia, mimi niko hapa sokoni, na kile kitambaa ndicho kinachotembea kati yetu. Ndoa yetu inasafiri kwa pikapu, alhamdulillahi.

Sasa mnakumbuka ule ugonjwa ulipoingia, shule zikafungwa nchi nzima. Binti yangu alikuwa form three, shule ya bweni kule Garissa. Alirudi na mfuko mmoja wa nguo tu. Sanduku lake la chuma aliliacha bwenini, maana waliambiwa wangerudi karibuni. Karibuni yenyewe ikawa inasogea mbele kama mbuzi asiyetaka kushikwa.

Baba yake akapungukiwa na mchungaji mmoja, na mvua ilikuwa imenyesha upande wa Diff, ngamia wanahamia huko. Akaomba binti aende asaidie. Ningekataa vipi? Mtoto anakaa nyumbani bure, na baba yake amechoka. Akapanda gari la maziwa akaenda.

Huku nyuma shule ikaanza kusomesha kwa simu. Walimu walifungua kundi la wazazi kwenye WhatsApp, kazi zikawa zinatumwa humo, na habari zote za shule humo humo. Simu yangu ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe. Inapiga, inapokea, inamulika njia ya chooni, basi. Habari hizo zote zilinipita juu ya kichwa kama ndege zinazotua Wajir.

Siku moja mwalimu wake wa darasa akanipigia. Ni mama wa Kikamba, sauti yake ni ya upole, lakini hazungushi maneno.

“Mama, habari ya nyumbani? Msichana wetu yuko wapi? Natuma kazi, wenzake wanajibu, yeye simsikii.”

“Yuko na ngamia, mwalimu.”

“Huko kwa ngamia kuna netiwaki?”

“Huko kuna maziwa, mwalimu.”

Alicheka. Halafu akasema, “Mama, huyu mtoto ana kichwa kizuri. Lakini wengi wanaokaa kimya hivi hawarudi. Niambie ukweli, atarudi?”

Nikasema inshallah atarudi. Simu ilipokatika nikagundua kwamba hata mimi sijui.

Nikamwambia dereva wa gari la maziwa ampelekee mzee ujumbe: shule haijaisha, inaendelea nyumbani, binti apewe nafasi ya kusoma. Kesho yake dereva, ambaye huniita Eddo, yaani shangazi, akaja na jibu. “Eddo, mzee anakusalimia. Anauliza, mlango wa shule umefungwa, ndani hakuna mtoto hata mmoja, inaendeleaje? Nani ameiona ikiendelea? Na anasema kuna watu wa Diff wameleta salamu kwa ajili ya binti. Hajawaambia ndiyo, hajawaambia hapana.”

Wanawake wa hapa mnajua salamu za namna hiyo zinaishia wapi: kwenye mahari.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Chakula hakishuki. Mteja ananiuliza bei, namjibu habari ya mvua. Maziwa yalichacha mbele yangu nikiyatazama. Jirani yangu mmoja wa hapa sokoni, ambaye sasa hivi anajifanya anafunga mtandio wake vizuri, ndiye aliyeniuzia maziwa yangu siku zile na kunilazimisha kula anjera. Mzee wangu si mtu mbaya, wallahi. Lakini ni mchungaji, na mchungaji hahamishi ngamia kwa kuambiwa tu kwamba mahali fulani kuna nyasi. Lazima atangulie mtu aende, aone kwa macho, arudi aseme. Mambo ya simu aliyaona ni upepo.

Mwalimu hakuchoka. Alichapisha kazi kwenye karatasi, akazituma kwa basi mpaka hapa Habaswein. Nilizipokea kwa mikono miwili. Nikafikiri, mvua inanyesha, pikapu ni wazi, nitaziweka wapi zisilowe? Nikajiona mjanja sana. Nikazikunja vizuri, nikazitia ndani ya mtungi mtupu, nikafunga kifuniko kabisa.

Naona mmeshaanza kucheka. Nyinyi wa Masalani ngojeni niwaeleze. Maziwa ya ngamia hayatiwi kwenye mtungi hivi hivi. Mtungi unafukizwa kwanza, unatiwa vijiti vinavyofuka moto ili moshi uingie ndani, maziwa yakae bila kuharibika na yapate ile harufu yetu. Na kule kambini kazi ya kufukiza ilikuwa ya nani? Ya binti yangu. Giza limeingia, ngamia wanalia wakamuliwe, yeye akafungua kifuniko, akatia moto bila kutazama, kama alivyofundishwa na mimi mwenyewe.

Asubuhi dereva akashuka hapa ameshika mbavu. “Eddo, binti anasema samahani. Amechoma hesabu yote, kemia imebaki nusu.”

Na ule mtungi, waliusuuza na kuujaza maziwa. Wateja wangu wakaanza kuniuliza leo maziwa yana ladha gani. Kuna mzee mmoja alipenda, akarudi kesho yake akataka yale yale ya jana. Ningemwambia nini? Kwamba alikunywa kemia ya form three?

Nilimpigia mwalimu nikilia. Nilipomweleza, akacheka mpaka simu ikaanguka, nilisikia ikigonga chini. Mimi nalia, yeye anacheka, mwishowe nikacheka na mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu zile salamu za Diff.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wa shule aliyewahi kuniuliza. “Mama, huko kwenu habari inafikaje?”

Nikamweleza. Mgeni akifika kambini hupewa chai. Kisha mwenye kambi anamuuliza: mvua imenyesha wapi, nyasi zikoje, amani ipo, mifugo hali gani. Na mgeni lazima aseme alichokiona, si alichokisikia. Akisema nimesikia, chai yake haiongezwi.

“Basi mume wako ana haki,” mwalimu akasema. “Sisi tumetuma maneno, hatujatuma mtu aliyeona. Huyo dereva anafika Garissa?”

Anafika, maana magari ya chakula yalikuwa yanaruhusiwa. Safari iliyofuata, dereva akaingizwa getini na barakoa yake, akanawa mikono, mwalimu akamzungusha shule nzima. Hakumhubiria. Alimwonyesha tu.

Yaliyotokea kambini nilisimuliwa na binti. Dereva alikaa, akapewa chai, mzee akaanza na mvua na nyasi na amani. Kisha dereva akasema, “Nimetoka shule ya binti yako.”

Mzee akauliza, “Umeiona?”

“Nimeiona kwa macho. Walimu wapo, wamekaa mbali mbali, wanaandika kazi za watoto. Dawati la binti yako lipo dirishani, lina jina lake. Nimesimama mlango wa bweni, kitanda chake kipo. Na chini ya kitanda lipo sanduku lake, limefungwa kufuli.”

“Sanduku lina rangi gani?”

“Buluu. Limebonyea upande mmoja.”

Kule kubonyea kulitokana na mzee mwenyewe. Aliliangusha kambini akilipandisha kwenye gari la maziwa, binti alipokwenda kuanza form one. Akauliza maswali mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema maneno ambayo kila mtu wa jamii yetu anayaelewa: “Anayehama hupakia mizigo yake yote. Kama sanduku liko, basi binti yangu hajahama. Ametoka tu kidogo.”

Asubuhi yake aliwapelekea watu wa Diff jibu zuri la heshima, kwamba binti ana safari haijaisha.

Nilipopata habari hiyo nilikuwa napima maziwa. Nilimmwagia mteja miguuni, na furaha ikaniliza mbele ya soko lote.

Tangu hapo karatasi tulizitia kwenye nailoni na kuzifunga nje ya mtungi, chini ya kitambaa. Nikaongeza kitambaa cha kijani, maana yake: usifukize, kwanza soma. Baadaye mama mmoja akaniuliza mtoto wake wa form two atapataje kazi, na mwingine, na mwingine. Kabla hatujajua, gari la maziwa likawa limejaa vitambaa vya kijani. Mwalimu ananipigia, ananiambia habari za shule, nampa dereva, dereva anazisema kambi kwa kambi baada ya mvua na nyasi. Akaanza kulalamika kwamba amekuwa mwalimu mkuu bila mshahara. Lakini nilimwona akinunua tai. Na mzee wangu sasa hakuwa anangoja kuambiwa. Alikuwa anauliza mwenyewe: mvua wapi, nyasi zikoje, amani ipo, mifugo je, na shule?

Shule zilipofunguliwa, habari ilifika kambini kwa gari hilo hilo. Mzee alimpeleka binti mwenyewe mpaka Garissa, mimi nikiwa nao, na alikuwa hajawahi kuwaacha ngamia kwa ajili ya harusi, wala hospitali, wala mimi. Mwalimu alitutolea lile sanduku nje. Mzee akaligusa pale lilipobonyea, akasema, “Sasa nimeona,” akageuka kutazama ukuta kwa muda. Sisi tukamwacha atazame ukuta wake.

Kwa hivyo leo nashukuru. Namshukuru Mola wangu. Namshukuru mwalimu yule aliyeuliza kabla ya kulaumu. Namshukuru dereva, yuko pale mlangoni na tai yake. Na wewe jirani, acha mtandio, umeshakaa vizuri. Na wale walimu wanaotaka kuwaambia wazazi jambo, nawaambia haya machache: habari ni kama maziwa, ikikaa njiani inachacha. Ipandisheni gari ambalo tayari linakwenda, na mbebaji awe ameona kwa macho.

Binti alimaliza form four. Akaenda chuo cha ualimu, na wiki hii amepelekwa shule moja ya hapa kujifunza kusomesha. Jana mzee alipanda juu ya kichuguu kutafuta netiwaki, akanipigia. Bado anauliza vile vile kwa mpangilio: mvua, nyasi, amani, mifugo. Halafu akauliza, “Na shule? Mlango umefunguliwa?”

Nikamwambia, “Umefunguliwa, mzee wangu. Leo asubuhi nimepita na maziwa, nikaona kwa macho yangu. Binti yako ndiye aliyeshika ufunguo.”