Fundi Juu na Miezi Mitatu ya Kusubiri Skani

Marehemu, ambaye watu wengi walimjua kwa jina la Fundi Juu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa nne wa baba mpiga chapa na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1988.

Kuanzia Februari 1989 alifunga na kutengeneza lifti. Siku moja alinasa kati ya ghorofa ya tano na ya sita pamoja na karani mmoja.

"Usiogope, dada. Lifti hii nimeifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana naogopa," karani akajibu.

Walioana tarehe 8 Juni 1996, wakajaliwa mabinti wawili.

Agosti 2022 aliota uvimbe shingoni, akaanza kukonda. Ilikuwa limfoma, saratani ya tezi za limfu. Alimaliza mizunguko sita ya dawa, lakini Machi 2023 picha ya kawaida ilionyesha uvimbe umebaki kifuani.

"Huenda ni kovu tu, huenda ugonjwa ungali hai," daktari alimweleza. "Skani ya PET ndiyo itakayotuambia. Tunakuchoma sindano ya sukari yenye mionzi kidogo. Saratani iliyo hai huila kwa pupa, ikang'aa kwenye picha."

Hapo ndipo adha ilipoanza. Tarehe 11 Aprili alisafiri mwendo wa saa saba hadi hospitali yenye mashine hiyo, bila kula kama kipimo kinavyotaka. Mashine ilikuwa mbovu. Tarehe 9 Mei mashine ilikuwa nzima, ila ile sukari, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa chini ya saa mbili, ilikwama njiani ikafika haifai tena. Tarehe 13 Juni jina lake halikuwemo kwenye orodha.

"Nimetoa watu kwenye lifti miaka thelathini na nne," alimwambia mpokea wagonjwa, sauti ikimpanda. "Hakuna hata mmoja niliyemwambia arudi mwezi ujao!"

Alipimwa tarehe 18 Julai. Kifua, wengu na nyonga viling'aa.

"Ingekuwa Aprili je?" mkewe aliuliza.

"Mama, sijui," daktari alisema. "Na sasa hatutajua kamwe."

Dawa mpya hazikufua dafu. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2023, akiwa na miaka 54, mkewe akimshika mkono.

Wasifu huu ulipokuwa ukiandikwa, ndugu mmoja alishauri tarehe zile tatu ziondolewe, iandikwe tu kwamba aliugua kwa uvumilivu. Mjane alikataa katakata. "Ziacheni. Hakuvumilia. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika."

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na dada watatu. Mungu ampe pumziko, na amani aliyonyimwa miezi ile.