Picha Iliyopigwa Muhuri

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haivuki hata mlango. Restituta, kaa hapa kichwani pangu. Elick, weka hiyo simu chini, umpishe mama yako mdogo Petronila kile kiti chenye mgongo, kwa kuwa ametoka Kaniha alfajiri kwa basi, akamalizia na pikipiki mpaka hapa Keza, na umri wake si wa kupanda pikipiki. Teddy, mwanangu, kaa ubavuni kwa mama yako Petronila. Na wewe Bwana Ndassa, mtendaji wetu, andika nitakayoyasema kama nitakavyoyasema, na nikikosea tarehe usinikatize mpaka nimalize.

Najua mnajiuliza kwa nini nimemwita mjane wa ndugu yangu Gervas kwenye wosia wa nyumba yangu, wakati nyumba hizi mbili hazijala pamoja karibu miaka arobaini. Nitawaeleza. Lakini lazima nianze na mama yenu na picha zake, kwa sababu jambo lenyewe limo humo, na kwa sababu wale watu wa Edinburgh wanakuja mwezi ujao kuzichukua kwa maonyesho yao, nao wanaamini kwamba habari zake wanazijua.

Mwaka wa 1971 serikali ilinipeleka Aberdeen, kule Uskoti, kusomea udongo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na koti moja lisilotosha baridi ile. Mama yenu, Elspeth, alikuwa akisomea uchoraji, na chumba chake kilikuwa juu ya changu. Kabla sijamwona uso nilimjua kwa sauti ya utepe: alikuwa anabandika utepe wa karatasi juu ya turubai, anapaka rangi, kisha anaubandua kwa mkupuo mmoja, na mstari unabaki umenyooka kama kamba ya fundi mwashi. Picha zake za siku zile zilikuwa za kijivu, nyeusi na samawati, ndani yake hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mti. Nilimwuliza, "Hiki ni kitu gani?" Akanijibu, "Si kitu. Kiangalie tu." Nikakiangalia mpaka chai ikapoa, sikuona chochote, na kesho yake nikarudi.

Alikuwa ameanza kupata jina. Gazeti moja la kwao lilimsifu, picha zake mbili zikanunuliwa na jumba la sanaa, na walimu wake walipopata habari kwamba anaolewa na bwana shamba kutoka Ngara walimwambia anajizika akiwa hai. Akaja hata hivyo. Tulifika hapa 1974 na makopo kumi na mawili ya rangi ya mafuta, akayatumia kwa ubahili, akijua hakuna duka huku linaloyauza. Ilipokuja vita ya Kagera, nchi ikakosa sabuni na chumvi, yeye alikuwa amebakiwa na nusu kopo la rangi nyeusi.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba mashimo ya kupima udongo, na mama yenu alikuwa akinifuata, Restituta mgongoni, anasimama ukingoni mwa shimo na kuangalia tabaka zake muda mrefu kuliko mimi niliyelipwa kuziangalia. Siku moja akaniomba nimletee udongo kwenye makopo. Nikamletea mwekundu wa mlimani hapa Keza, mweupe wa Kibimba, na ule wa kijivu wa bondeni unaonata kama ugali. Akauchuja kwa kanga, akaukanda na kiini cha yai, akapaka juu ya mbao. Baba yangu alilalamikia mayai. Utepe ulikuwa umekwisha, kwa hiyo mistari akaivuta kwa mkono, ikawa inatetemeka kidogo, na nilipomwambia haijanyooka alicheka, akasema, "Sasa inapumua." Pole pole akaipunguza, kutoka mingi hadi mitatu, hadi mmoja tu katikati ya udongo mtupu. Hizo ndizo picha za miaka ya themanini, ambazo watu wa Edinburgh wanazisifu kuliko zote.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Baba yangu aliniuliza mbele ya wageni, tukinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, "Mkeo anachora nini kutwa nzima, na kwa nini humo ndani hamna hata ng'ombe mmoja?" Nilikuwa na aibu, wanangu. Sikuwa na maneno ya kumweleza mzee picha isiyo na kitu, na kusema kweli hata mimi mwenyewe sikuwa nayo. Nikamjibu, "Baba, anachora ramani za ardhi. Ni kazi ya serikali." Baba akaridhika, akatangaza kijiji kizima, na wanawake waliokuwa wakimsengenya mama yenu kwamba halimi wakaanza kumpisha njia. Nilipomwambia mama yenu nilivyojibu, akasema, "Waache, Philbert, hawako mbali sana na ukweli." Uongo ule ulianza hivyo, mdogo, kila mtu anaucheka.

Baba alifariki 1985. Mwaka uliofuata jua lilichoma milimani, mahindi yakakauka, na mtu pekee aliyekuwa anavuna maharage wakati wa kiangazi ni Gervas, mtoto wa baba yangu mdogo, kwenye lile bonde la chini ambalo babu yetu alimpa baba yake. Mimi nilikuwa nimeupima udongo wa bonde lile. Nilijua kuliko mtu yeyote kijijini kwamba hakuna shamba linaloufikia, na kujua kule kukanitia tamaa. Nikadai kwamba bonde ni la baba yangu. Gervas akasema twende kwa wazee wa baraza, kwa kuwa hakuwa na wasiwasi wowote.

Mama yenu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao kumzika mama yake, akakaa miezi mitatu. Ukutani alikuwa ameacha picha kubwa kuliko zote, kijivu juu, hudhurungi chini, na mstari mmoja mweusi katikati. Niliishusha. Nikaipeleka ofisini kwangu, nikaigonga muhuri wa ofisi nyuma kwa mkono wangu mwenyewe, nikaibeba mpaka barazani, na nikawaambia wazee, "Hii ndiyo ramani ya ardhi ya marehemu baba. Mstari huu ndio mpaka." Petronila, wewe ulikuwepo, ulikuwa umembeba Teddy. Gervas alisimama, akaiangalia, akasema, "Mto hauko hapo. Njia haiko hapo. Hata nyumba yangu haimo. Hii ni ramani ya wapi?" Mzee mmoja akamjibu, "Wewe umesoma wapi hata ubishane na muhuri?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Nipe maji, Resti. Kidogo tu.

Wiki mbili baadaye Gervas alifunga mizigo yake, akahamia Kaniha kule Biharamulo, akaanza kufyeka pori upya kama kijana asiye na kwao. Mama yenu aliporudi akauliza picha iko wapi. Nikamwambia iko ofisi ya kijiji. Alikwenda peke yake kwa miguu. Mwenyekiti akakataa kumpa, akamwambia huo ni ushahidi wa baraza, hautoki, kisha akamsifu mbele ya watu kwa ramani nzuri iliyomaliza ugomvi. Walikuwa wameitundika juu chini. Alikaa kwenye benchi lao mpaka ofisi ikafungwa.

Aliporudi nyumbani hakupiga kelele. Alisema, "Ule mstari ni bahari ya nyumbani kwetu, pale inapokutana na mbingu, kama mama alivyokuwa akiiona kutoka dirishani kwake alipokuwa mgonjwa. Wewe umemfukuzia mtu kwake." Nikasema tutalizungumza. Akasema, "Rudisha bonde." Nikasema tutalizungumza. Na tangu siku ile mpaka anaingia kaburini hakuchora mstari tena, hata mmoja. Ziangalieni picha zake zote za baada ya 1986: rangi zinaingiana kama maziwa kwenye maji, hujui nyekundu imeishia wapi na njano imeanzia wapi. Elick alinisomea kile kitabu walichotutumia, kinachosema kwamba aliacha mistari kwa sababu ya ukungu wa asubuhi wa milima ya Ngara. Si ukungu. Ni mimi.

Na kuna jambo jingine mlilolikuta mkaliona la kawaida. Mlidhani tumbo la mama yenu halipatani na maharage. Miaka thelathini na mitatu nyumba hii ilipika vyungu viwili, na kile chenye maharage ya bondeni hakukigusa. Hakuwaambia kwa sababu hakutaka mnichukie mkiwa wadogo. Mimi alikuwa ananiambia kila siku, kwa kula mihogo mbele yangu.

Mwaka wa 1987 alipanda basi hadi Kaniha, akamweleza Gervas kila kitu. Gervas akamwambia, "Shemeji, nilijua siku ile ile. Mwambie aje mwenyewe aseme." Akaniletea maneno hayo, na mimi sikwenda. Mwaka huo nilisema kuna mvua, mwaka uliofuata nilisema kuna kazi. Gervas alipofariki 2008 nilifika amekwishafukiwa, nikawaambia basi liliharibika njiani. Basi halikuharibika. Nilishuka Biharamulo mjini, nikakaa kituoni tangu asubuhi, nikiogopa kusimama mbele ya jeneza lake nikiwa na watu.

Mama yenu aliendelea kufanya kazi. Walipokuja wakimbizi 1994, akaacha rangi mwaka mzima na nusu, akawa anagawa uji wa watoto kambini, na alipoanza tena alichora picha saba nyeupe juu ya maturubai ya mahema, zenye alama za vidole tu, ambazo hakutaka kuniambia ni nini nami sikuuliza. Macho yalipoanza kufunga ukungu, akaketi chini sakafuni, akapaka kwa viganja, njano na nyekundu kali, kubwa kama mlango wa kanisa, kwa sababu hizo ndizo alizokuwa bado anaziona. Padri alisema zinafurahisha. Kweli zinafurahisha. Zile za mwisho hata mimi niliweza kuziangalia bila kuuliza ni kitu gani, na nilipomwambia hivyo alinishika sikio kwa mkono uliojaa rangi, na sikunawa mpaka jioni.

Basi andika, Bwana Ndassa.

Petronila, shemeji yangu, nasema mbele ya watoto wangu na watoto wako, mimi Philbert Niyonzima, kwamba bonde la chini halikuwa la baba yangu. Lilikuwa la Gervas. Nililichukua kwa uongo na kwa muhuri usiohusika. Nilipaswa kuyasema haya mbele yake, nikamkosesha hilo pia. Bonde linarudi kwenu leo, lote, kutoka kwenye mkuyu mpaka kwenye maji, wala halingoji mimi nife. Elick, najua umepanda miti ya mbao pale kwa nguvu zako. Nakuomba usidai. Nakupa mlima wote wa nyuma ya nyumba na migomba yake. Kama una hasira, nikasirikie mimi, usimkasirikie Teddy.

Restituta, picha za mama yako nakuachia wewe uzitunze, na wewe na ndugu yako mkubaliane ipi iende na ipi ibaki. Zile saba nyeupe zisitenganishwe. Ile yenye muhuri Bwana Ndassa ameishusha, ipo pale nyuma ya mlango. Muhuri msiufute. Nilitaka niseme wapewe watu wa Edinburgh na maelezo yake, lakini si haki yangu. Petronila ndiye aamue. Shemeji, ukitaka kuichoma, watakupa kiberiti.

Unasemaje? Sema kwa nguvu, masikio yangu… Huchomi kitu cha Elspeth. Haya. Unaitaka iende huko, wakaione. Na waandikiwe kwa nini. Nimesikia. Restituta, waandikie kwa nini, na jina langu uliweke.

Mnizike pembeni ya mama yenu, si karibu sana. Aliwahi kusema nakoroma. Msinunue jeneza la bei kubwa. Resti, Elick, msigombane; nyinyi ni wawili tu. Msiwe na haraka ya kujibu watu mkiona aibu; mtu akikuuliza usilolijua, mwambie hujui.

Karatasi iko wapi? Nishikilie kiwiko, Elick… Hapa? Naona weusi tu, nielekeze kidole. Hapa. Haya, nimeandika. Teddy, na wewe andika, chini ya jina langu.

Mungu awatunze wote mlio humu ndani. Awape afya, awape watoto wenye kusema kweli kuliko mimi. Petronila, Mungu akuone… Nimechoka sasa. Teddy, njoo karibu, nikwambie la shamba. Maharage ya kule hayangoji. Maji yakishuka tu, mwezi wa sita, wiki ya kwanza. Usipande karibu na mto, udongo wa pale unabana mizizi. Hatua ishirini. Anza na… hatua ishirini, kisha panda. Zimebaki siku kumi. Msichelewe.