Machungwa ya Baba Dorothy

Pale Newala, lori la Lindi linapopakilia, Mrisho muuza kahawa aliweka gogo la mkorosho liwe kiti cha wateja. Asubuhi moja ya mwaka 1954 tulimkuta Hamidu, tuliyemwita Gavana kwa kupenda kuamuru, na Bwanali Meli, aliyefanya kazi bandarini Mtwara miezi miwili tu na hajaacha kuisimulia. Katikati yao alikaa Nathanaeli, kikapu magotini, kimejaa machungwa ya aina mpya, yasiyo na mbegu. Miche alipewa na bwana shamba, na ili kuipanda alikata mikorosho yake yote. Mnunuzi wa Lindi akiyakataa, hana kingine cha kuuza. Namhurumia hata leo.

— Yafunge kwa majani makavu ya mgomba, moja moja, alisema Gavana. Barabara ile itayaponda.

— Majani? Meli alicheka. Gazeti, bwana! Bandarini kila kitu cha maana kilivaa gazeti.

— Jamani, dereva anaondoka sasa hivi, alisema Nathanaeli.

— Ngoja kwanza. Tunda lisilo na mbegu litazaaje? Gavana aliuliza. Hapo pana jambo. Mabwana shamba wanataka kila mwaka turudi kuwaomba miche.

— Afadhali hiyo! Mimi namwogopea mlaji, alisema Meli. Ukila kisicho na mbegu, watoto utawapata wapi?

Mrisho akaacha kumimina kahawa.

— Bwanali, taratibu! Nathanaeli alikikumbatia kikapu. Dereva akisikia, hapakii.

— Basi wauziwe wazee, Gavana akaamua. Wao wamekwisha kuzaa.

Ndipo akafika mke wa Nathanaeli, Mama Dorothy, ndoo ya maji kichwani, anatoka bondeni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba Dorothy, hivi ni matamu?

Gavana akamtazama Meli. Meli akamtazama Nathanaeli.

— Sijaonja, alisema Nathanaeli. Nilitaka kikapu kijae.

— Hata moja?

— Hata moja.

— Na mimi miaka minne nayapandishia maji mlima ule.

Dereva akapiga honi. Mama Dorothy akatua ndoo, akachagua chungwa kubwa kuliko yote, akamnyooshea Mrisho mkono ampe kisu.

— Kata, Mama Dorothy, alisema Nathanaeli.

Honi ikalia tena. Hakuna aliyegeuka.