Bodil Thøgersen na Ukanda wa Giza

Tarehe 30 Aprili, Bodil Thøgersen anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kulinda Chumba Namba Tatu cha makumbusho yetu ya Vesterklit. Katika muda huo hakikuibwa kitu chumbani humo, isipokuwa mwavuli wake mwenyewe.

Alikuja kwetu kutoka kiwanda cha samaki. Kanuni zinataka kiti cha mlinzi kielekee mlangoni. Chake kilielekea mchoro mkubwa wa wanawake saba wanaosubiri mashua ufukweni. Faili lake lina barua tatu za onyo, zote kuhusu kiti.

Septemba mwaka juzi alifika msafishaji wa michoro kutoka Kopenhagen, Asger Lindholt, kuondoa ukanda wa giza uliotanda sehemu ya chini ya mchoro huo. Aliuita moshi wa jiko la zamani. Siku ya kwanza alisafisha kona ya kushoto, upana wa vidole viwili, na mchanga mweupe ukatokea. Walinzi hawawaingilii wataalamu, kwa hiyo Bodil alikaa kimya. Siku ya pili aliinuka.

"Asger, mwanangu, huo si moshi. Ni kivuli cha tuta la mchanga."

"Mama Bodil, haya mambo nimeyasomea miaka tisa."

"Hongera. Mimi nimeyakodolea macho thelathini na miwili."

Akaeleza. Wanawake wametupa mgongo, giza limewafika kiunoni, mabega na vilemba vinang'aa. Mashua nayo imepata mwanga upande wa nchi kavu. Bahari yetu iko magharibi; basi ni asubuhi, na jua liko nyuma ya mchoraji, nyuma ya matuta. Jicho linaanzia kivulini, linapanda vilembani, ndipo linaenda baharini. Ukifuta giza, wanawake wote saba wanaelea.

Mkurugenzi wetu, Inger Maibom, hapendi kubahatisha. Kesho yake, saa mbili asubuhi, alitupeleka sote ufukweni. Kivuli cha tuta kilimfika Lindholt kiunoni. Alikitazama kiuno chake kwa muda.

"Haya, naacha," alisema.

Rangi iliyofutwa haikurudi. Lindholt alijitolea kuipaka kona upya. Maibom alimwuliza Bodil, naye akasema iachwe hivyo hivyo. Wiki iliyopita mgeni mmoja alitaka kujua lile doa jeupe ni la nini.

"Hapo ndipo niliponyamaza," Bodil alimjibu.

Asante, Bodil, kwa siku ya pili. Nenda ukaishi vizuri, na afya isikupungukie.