Gunia Alilotiwa Shemasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbona mnaitika kwa kusitasita? Bwana asifiwe! Haya. Mimi ni Mama Nekesa, yule anayefagia kanisa letu hili la Makongeni, na leo nimesimama nikiwa na hasira. Mungu ananijua, sitajifanya mpole.

Nyote mnamjua Shemasi, paka wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu Jumapili hufika kabla ya mashemasi wote, akakaa mlangoni kukagua watu. Kabla yake panya walikuwa wanakula unga wa wajane kule stoo, wakatafuna hata kanzu za kwaya. Alipokuja, panya wakahama! Wakati huo hakuna aliyeuliza kama ana pepo.

Kisha akaugua. Joto la mwili halishuki, chakula hagusi, mgongo umebaki mifupa, lakini tumbo linazidi kufura. Wengine wakasema ana mimba. Mimba, ndugu zangu, na ni dume! Mzee Barasa, mzee wetu wa kanisa, akampaka mafuta na kukemea. Sikupinga, maombi hayamdhuru mtu wala paka. Tumbo lilipokataa kushuka, mzee akatangaza, "Hiyo paka iko na kitu. Tuitoe hapa kabla ilete laana kwa kanisa."

Asubuhi moja nikaja na ufagio wangu, nikakuta gunia limefungwa nyuma ya pikipiki ya mzee, linalia. Linalia, nasema!

"Mzee, hiyo unapeleka wapi?"

"Njiru, nikaitupe. Mama Nekesa, hii ni vita ya kiroho. Wewe fagia."

Wewe fagia! Nilifungua ile kamba pale pale, nikalikumbatia gunia na kilichomo.

Hata mimi nilikwenda Njiru, lakini kwa daktari wa mifugo. Daktari huyo, mama mwenzangu, alimdunga Shemasi sindano tumboni, akavuta maji ya manjano yanayovutika kama ute wa yai. Akanieleza kwamba kuna virusi ambavyo paka wengi huishi navyo bila shida, ila kwa wachache hugeuka na kuua. "Zamani ningekwambia umuage," akasema. "Siku hizi kuna dawa ya kupigana na hivyo virusi. Siwezi kukuahidi kitu, mama. Lakini ni kila siku, karibu miezi mitatu, na usiruke hata siku moja."

Nilivyoipata dawa ile ni siri yangu na Mungu. Kila jioni nilimfunga Shemasi kwa leso, nikamtia kidonge mdomoni huku ananikwaruza, nami naomba, "Yesu, nisaidie kushika miguu ya nyuma!" Siku za kwanza nililia. Alikuwa mwepesi mno mikononi. Halafu joto likashuka. Tumbo likaanza kupungua. Siku moja akaiba omena kwenye sufuria yangu, nikacheza kama niko harusini! Dawa ilipokwisha, daktari alitwambia tungoje kwanza kabla ya kushangilia. Tukangoja. Amepona, ndugu zangu!

Sasa, Jumapili iliyopita Mzee Barasa alisimama hapa hapa, akashuhudia kwamba ni mafuta yake yaliyomponya. Nanyi mkapiga makofi! Gunia hakulitaja. Jamani! Mungu wetu hahitaji kusaidiwa na uongo. Aliyemuumba paka ndiye aliyempa yule mama wa Njiru akili. Mimi niliomba, na jibu langu lilikuja likiwa kidonge. Atakayeniambia dawa ni kukosa imani atanikuta na ufagio.

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, wa miguu miwili au minne, mtegemee Bwana. Omba, na ukishasema amina, inuka umpeleke kwa daktari. Mungu hachoki kutusikia, na mimi ni shahidi. Asante Yesu kwa uhai wa Shemasi!

Na wewe Mzee wangu, kwa heshima zote, lile gunia sikulitupa. Nililifua, nikalitandika pale mlangoni. Leo asubuhi umefutia viatu vyako juu yake, Shemasi amekaa kando anakutazama. Semeni amina!