Bibi King'ora na Mtaa Uliokataa Kukimbia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mwenzetu tuliyemzoea kwa jina la Bibi King'ora anakabidhi funguo za chumba namba nne, Kitengo cha Tahadhari za Mafuriko. Anaondoka akiwa mshindi, na wala simvishi kilemba cha ukoka.

Aliajiriwa kama karani wa vipimo vya mvua. Enzi hizo mto ulifurika kwa nadra. Sasa tabianchi imebadilika na maji hubisha hodi karibu kila mwaka. Ofisi ikanunua king'ora, ikabandika mabango yenye grafu. King'ora kilipolia mara ya kwanza, watu wa mtaa wa chini walitoka nje, wakakitazama, wakarudi ndani kumalizia chai. Fundi cherehani mmoja aliokolewa juu ya paa, kaikumbatia mashine yake.

Sisi wataalamu tukasema watu hawaelewi. Yeye akavaa mabuti ya mpira, akaenda kuwauliza nyumba kwa nyumba. Kumbe walielewa vizuri sana. Mama yangu mzazi, mkazi wa huko, alimjibu bila kupepesa macho: "Mwanangu, mtu mzima hakimbii nyumba yake majirani wakimtazama."

Sisi tulisikia ukaidi, yeye alisikia heshima. Akalifuta neno "kimbieni" na kuandika tangazo jipya: kila nyumba imsindikize jirani yake wa kulia mpaka shule ya mlimani. Mkurugenzi alicheka mpaka miwani ikamponyoka.

Aprili mwaka huu, saa nne asubuhi, mto ulivunja kingo. Hakuna aliyekimbia. Fundi cherehani alimsindikiza mwalimu mstaafu. Mwalimu naye akashikilia kuwa yeye ndiye anayemsindikiza fundi, wakabishana hivyo hadi juu. Mama alimshika mkono mjane wa jirani, akisema anamfikisha tu kisha anarudi zake.

Maji yalipofika madirishani, mtaa ulikuwa mtupu. Bibi King'ora alisimama mlangoni pa darasa na daftari lake, akahesabu, akarudia kuhesabu: watu mia nne na kumi na wawili, hakupungua hata mmoja. Kisha akakaa chini, akalia. Nasi tukalia.

Dada, nenda kapumzike. Mvua ikinyesha, jifunike ulale. Mawingu tuachie sisi. Siku zako zijazo ziwe za heri na afya tele, wewe na wajukuu. Mimi bado nina mama wa kumwamkia kila asubuhi. Ahsante.